Muyaka na Masikio ya Wazee
Muyaka bin Haji, malenga mashuhuri wa Mombasa zama za Mazrui, alifariki yapata mwaka 1840. Beti zake watu walizipokea kwa sikio, wakazihifadhi moyoni. Baadaye Mwalimu Sikujua, aliyefariki 1890, alizikusanya kwa wazee waliozikumbuka, akisaidiana na Mwingereza W. E. Taylor. Mwaka 1940 zikatoka kitabuni.

Lau wazee hao wangalijitenga kwa uzito wa masikio, nani angaliwauliza?

Basi ndugu msomaji, mzee wa Mji wa Kale aliyeacha kuja barazani asidhaniwe ana kiburi. Mwanawe na ampeleke kwa daktari wa masikio. Huenda ni nta tu imeziba. Huenda atahitaji chombo cha kusikilizia. Kutosikia si aibu. Aibu ni kumwacha mzee anyamaze na hazina yake.