Whipple, daktari aliyepambana na maji ya kongosho

NI nadra kumpata daktari wa upasuaji asiyelijua jina la Allen Oldfather Whipple, ingawa mwenyewe alifariki mwaka wa 1963.

Alizaliwa Septemba 2, 1881, mjini Urmia, Uajemi, nchi ambayo leo ni Iran, wazazi wake wakiwa wamisionari kutoka Marekani. Alisomea Princeton, kisha akahitimu udaktari Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka wa 1908. Alikuwa profesa wa upasuaji huko Columbia kuanzia 1921 hadi 1946.

Enzi hizo kongosho liliogopwa, na si bure. Maji yake husaga chakula. Yakivuja baada ya kisu, husaga nyama ya mwenyewe. Mkulima wa mpunga wa Wang'uru ataelewa upesi: maji ya mto Thiba yasipopewa mfereji hujichagulia njia.

Whipple alijifunza hayo kwa uchungu. Alipojaribu kuondoa kichwa cha kongosho pamoja na sehemu ya utumbo, mgonjwa wake wa kwanza alikufa, kwani uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa mnyama uliyeyushwa na maji hayo na mshono ukaachia. Akageukia uzi wa hariri. Mwaka wa 1935, yeye na wenzake Parsons na Mullins walichapisha habari za wagonjwa watatu. Mwanzoni alifanya kazi hiyo kwa awamu mbili na kuliziba kongosho lililobaki. Kufikia 1940 aliimaliza kwa awamu moja, na baadaye akaliunganisha na utumbo.

Hata hivyo, uvujaji haukukoma, wala haujakoma leo. Maji yakikusanyika tumboni, madaktari hupitisha mrija kwenye ngozi wakiongozwa na picha, au huingiza kamera kinywani na kutoboa ukuta wa tumbo la chakula ili yamwagikie humo. Njia ya kwanza hufaa mapema na hufika pembe nyingi, lakini mgonjwa hubeba mfuko kiunoni, pengine kwa wiki kadhaa. Kwa anayeishi mbali na hospitali kubwa, huo si mzigo mdogo. Ya pili humwepusha na mfuko, ila maji sharti yawe karibu na tumbo hilo, na vifaa na ujuzi wake havipatikani kila mahali. Kupasua upya huachiwa pale njia hizo zinaposhindwa.

Alipostaafu, Whipple aliirudia Mashariki ya utoto wake. Kitabu chake kuhusu mchango wa Wanestoria na Waislamu katika tiba kilichapishwa 1967, miaka minne baada ya kifo chake.