Richard Goldschmidt na Nasaba za Nondo

Richard Benedict Goldschmidt alizaliwa tarehe 12 Aprili mwaka 1878 mjini Frankfurt am Main, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi iliyojiweza. Alianza kwa kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, lakini elimu ya wanyama ikamvuta zaidi. Alihitimu shahada ya uzamifu mwaka 1902 chini ya Otto Bütschli, na mwaka uliofuata akahamia Munich kuwa msaidizi wa Richard Hertwig. Hadi hapo hakuwa na tofauti kubwa na wasomi wengine vijana wa Kijerumani. Kilichomtenga nao ni nondo.

Mnamo mwaka 1909 hivi alianza kumchunguza nondo ambaye wanasayansi humwita Lymantria dispar. Viwavi wake hula majani ya mialoni na miti mingine kwa ulafi mkubwa. Ndiye mdudu yule yule aliyetoroka mikononi mwa mtu aliyekuwa akimfuga huko Medford, karibu na Boston, mnamo mwaka 1869, akawa janga la misitu ya Marekani. Jike lake ni kubwa na jeupe, dume ni dogo na la hudhurungi. Tofauti hii ya wazi baina ya dume na jike ndiyo iliyomfaa Goldschmidt. Alipomzalisha jike wa Ulaya na dume wa Japani, mabinti waliozaliwa hawakuwa majike kamili. Walikuwa na mabawa yenye mabaka ya kiume, papasi za kiume, na mara nyingi hawakuweza kuzaa. Kwa madume ya sehemu fulani za Japani, mabinti wote waligeuka kuwa madume. Alipougeuza uzazi huo, akachukua jike wa Japani na dume wa Ulaya, kizazi cha kwanza kilitoka salama.

Maelezo yake yalikuwa haya. Katika nondo, tofauti na binadamu, dume ndiye mwenye kromosomu mbili zinazofanana, ziitwazo Z, na jike ana Z moja na W moja. Goldschmidt alisema kwamba Z hubeba kani ya uume, ilhali kani ya uke hurithiwa kwa mama. Jinsia ni matokeo ya mizani baina ya kani hizo mbili, na kila mbari ya nondo ina mizani yake iliyokwisha kusawazishwa. Ukichanganya mbari dhaifu na mbari yenye nguvu, mizani huinama.

Hapo ndipo uzazi wa nondo ulipogeuka kuwa chombo cha kupimia nasaba. Nondo wawili waliofanana kwa macho waliweza kuwa mbali sana kidamu, na mtoto wao ndiye aliyetoa ushahidi.

Ili kupata nondo wa kutosha ilibidi asafiri. Mapema mwaka 1914, akiwa ameshateuliwa kuongoza idara ya urithi katika Taasisi mpya ya Biolojia ya Kaiser Wilhelm mjini Berlin, alikwenda Japani. Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka na njia ya kurudi ikafungwa. Alikwama Marekani, akafanya kazi katika vyuo vikuu vya Yale na Harvard kwa hisani ya wenzake. Marekani nayo ilipoingia vitani mwaka 1917, mgeni akawa adui. Mwaka 1918 alitiwa kizuizini katika kambi ya Fort Oglethorpe, jimbo la Georgia, na hakurejea kwao hadi mwaka 1919.

Alirudi tena Japani kuwa profesa mgeni katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kati ya mwaka 1924 na 1926. Alikusanya nondo wa Ulaya, Korea na visiwa vya Japani, akawalinganisha kwa rangi ya viwavi, kasi ya kukua, na muda ambao mayai huhitaji joto kabla ya kuanguliwa. Aligundua kwamba tofauti hizo zilirithiwa na zilioana na tabianchi ya kila mahali. Hali hii si ngeni kwa mwanafunzi wa isimu: atokaye Lamu hadi Mombasa, kisha Unguja, hupita lahaja moja hadi nyingine bila kuona ukuta, na bado huulizwa ni wapi lahaja inapokoma na lugha nyingine kuanza. Wanabiolojia wengi wa wakati ule walijibu kwamba mbari ni spishi changa. Goldschmidt, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kuzalisha nondo, alikataa. Alishikilia kwamba mbari hubadilika ndani ya mipaka ya spishi tu, na kwamba spishi mpya huhitaji mruko mkubwa.

Kabla hajaukamilisha utetezi wake, utawala wa Wanazi ulimfikia. Mtu aliyejua kuliko wengi maana ya mbari katika maabara alifukuzwa kazini kwa kuhesabiwa kuwa wa mbari isiyotakiwa. Mwaka 1936 aliondoka Ujerumani, akapokewa na Chuo Kikuu cha California huko Berkeley akiwa na umri wa miaka 58.

Kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu misingi ya mageuko kilimletea dhihaka zaidi ya sifa. Dhana yake ya viumbe vya ajabu vyenye matumaini, vinavyozaliwa kwa badiliko moja kubwa, ilichekwa, na Ernst Mayr alikiandika kitabu chake cha mwaka 1942 kwa kiasi fulani ili kumjibu. Ni haki kusema kwamba Goldschmidt alijitakia baadhi ya mapigo hayo, kwani alipenda kusema kwa ukali palipotosha upole. Hata hivyo wenzake walimchagua kuwa rais wa Kongamano la Kimataifa la Jenetiki huko Bellagio, Italia, mwaka 1953. Aliaga dunia mjini Berkeley tarehe 24 Aprili 1958.

Mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha kwamba katika nondo wa hariri, kromosomu W hutoa chembe ndogo ya RNA inayoizima jeni ya kiume iliyomo katika Z. Mizani ya Goldschmidt, kwa namna fulani, ilikuwa imepata majina. Kuhusu mbari, mambo yalikwenda kombo kidogo. Yeye mwenyewe alikuwa ameonyesha kwamba nondo wa Hokkaido walikuwa dhaifu, ilhali wa kaskazini mwa Honshu, ng'ambo tu ya mlangobahari wa Tsugaru, walikuwa na nguvu kupindukia, na kuwazalisha pamoja kulileta watoto wenye kasoro za jinsia. Aliwaita mbari mbili za spishi moja. Tangu miaka ya 1990 DNA ya mitokondria, inayorithiwa kwa mama, iliwatenga nondo wa Hokkaido na wengine wote, na mwaka 2007 wakapewa hadhi ya spishi yao wenyewe, Lymantria umbrosa.