Kadinali Otunga: Mwana wa chifu aliyeukwepa ukuu

MSAFIRI atokaye Nakuru kwenda Eldoret hupita Burnt Forest, kisha Cheptiret, kabla ya kuingia mjini. Akizidi kusonga magharibi hufika Bungoma, na huko ndiko alikozaliwa, mnamo Januari 1923 katika kijiji cha Chebukwa, mtoto ambaye ulimwengu ulikuja kumfahamu kama Maurice Michael Kadinali Otunga.

Babaye, Chifu Sudi Namachanja, alikuwa mtu mwenye nguvu kubwa miongoni mwa Wabukusu, mwenye wake wengi na mifugo tele. Katika mazingira hayo, kijana aliyesoma hadi shule ya Mang'u na kuendelea na seminari kuu ya Ggaba nchini Uganda alikuwa chaguo la wazi la kurithi kiti cha uchifu. Otunga alikataa. Aliona kwamba asingeweza kukikalia kiti cha babaye na wakati huo huo kusimama altareni, naye alikwisha kuchagua altare. Ikumbukwe kuwa enzi hizo za ukoloni uchifu haukuwa heshima tupu. Ulikuwa mali, amri na ulinzi wa ukoo mzima. Kuukataa kulikuwa jambo zito kwa jamaa zake pia.

Alipewa upadri mjini Roma tarehe 3 Oktoba 1950. Mwaka 1957 aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Kisumu, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kupata daraja hilo katika Kanisa Katoliki. Eldoret ilipofanywa jimbo mwaka 1959, yeye alikuwa tayari askofu. Waumini wa nyanda hizi wangali wakiongozwa na wamisionari, na ilibidi wangoje hadi 1970 kumpata askofu wao wa kwanza Mwafrika, John Njenga. Otunga alipelekwa Kisii mwaka 1960, akahudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikano, akawa Askofu Mkuu wa Nairobi mwaka 1971. Mnamo Machi 1973 Papa Paulo VI alimfanya kadinali, wa kwanza kutoka Kenya. Mwaka 1978 alishiriki mara mbili katika kumchagua Papa.

Hivyo basi, aliyeukimbia ukuu wa kijijini aliletewa ukuu wa dunia. Waliomfahamu walishangazwa na jinsi ulivyomkalia kama vazi la kuazima. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mpenzi wa rozari na wa Legio ya Maria, asiyetafuta kamera. Hata fahari kubwa ya utumishi wake, Kongamano la 43 la Ekaristi la Kimataifa lililofanyika Nairobi mnamo Agosti 1985 na kuhudhuriwa na Papa Yohane Paulo II, haikumhusu yeye. Kiini chake kilikuwa Kristo katika Ekaristi, naye mwenyeji alijiweka kando.

Hata hivyo, unyenyekevu huo ulimletea lawama, na si haki kuuficha ukweli huu. Machafuko ya kikabila yalipoikumba Burnt Forest mwaka 1992, si mbali na Cheptiret, watu waliochomewa nyumba walihitaji viongozi wa kupaza sauti. Sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru. Otunga alionekana na wengi kuwa mpole kupita kiasi mbele ya utawala wa Rais Daniel arap Moi. Mwandishi huyu anaona lawama hiyo ina uzito wake. Mtu anaweza kujishusha yeye mwenyewe bila ya kuishusha sauti ya wanaodhulumiwa, na mpaka kati ya mambo hayo mawili haukuwa wazi daima kwake.

Lakini si kwamba alikuwa mwoga. Pale alipoamini kuwa mafundisho ya Kanisa yaguswa, hakujali kupendwa wala kuchukiwa. Mwaka 1996 aliongoza uchomaji wa mipira ya kondomu na vitabu vya elimu ya ngono katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wakati UKIMWI ukiangamiza maelfu. Wahudumu wa afya walimshutumu vikali, naye hakutetereka.

Alistaafu mwaka 1997. Kadinali huyu hakujijengea kasri, bali miaka yake ya mwisho aliishi Nyumba ya Wazee jijini Nairobi, makao ya maskini wazee yanayoendeshwa na watawa, akiwa mzee miongoni mwa wazee. Alifariki dunia tarehe 6 Septemba 2003.

Alikuwa ameomba asizikwe kanisa kuu, bali Msongari, katika makaburi ya wamisionari waliomtangulia. Ombi lilitimizwa, lakini kwa miaka miwili tu. Mwaka 2005 mabaki yake yalifukuliwa na kuhamishiwa Bustani ya Ufufuko huko Karen, mahali panapofaa mahujaji, ingawa baadhi ya jamaa na wazee wa Wabukusu walipinga. Mwaka 2009 alitangazwa Mtumishi wa Mungu, hatua ya mwanzo katika safari ndefu ya kuelekea utakatifu. Leo waumini hufika Karen kusali kando ya kaburi ambalo mwenyewe hakulichagua.