Luigi Broglio: Mgeni wa Ghuba ya Ungwana

Juu ya ardhi yote ya ikweta, tangu Angurai na Malaba mpakani mwa Uganda hadi Malindi ufukweni mwa Bahari ya Hindi, imetanda mikanda ya mnururisho isiyoonekana kwa macho. Ni elektroni na protoni zilizonaswa na usumaku wa dunia. Mwanafizikia wa Marekani, James Van Allen, ndiye aliyeibaini mwaka 1958. Miongoni mwa vyombo vilivyofumbua jinsi mawimbi yanavyozaliwa ndani ya mikanda hiyo, kimojawapo kilirushwa kutoka Kenya. Aliyeifungua njia hiyo ni mhandisi wa Kiitaliano, Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, karibu na Venice. Alisomea uhandisi, akawa afisa wa Jeshi la Anga la Italia hadi cheo cha jenerali, kisha akaongoza skuli ya uhandisi wa anga ya Chuo Kikuu cha Roma. Nchi yake ilikuwa imetoka vitani ikiwa maskini. Haikuwa na uwezo wa kushindana na mataifa makubwa. Hata hivyo, Broglio aliona kuwa kisichopatikana kwa fedha huweza kupatikana kwa kuchagua mahali. Kwenye ikweta dunia huzunguka kwa kasi inayozidi kilomita 1,600 kwa saa, hivyo roketi inayoelekezwa mashariki huazima kasi hiyo bila gharama.

Serikali ya Italia iliukubali mradi wake, ulioitwa San Marco kwa jina la mtakatifu mlezi wa Venice, na mwaka 1962 mkataba ukatiwa saini na Marekani, ambayo ingetoa roketi aina ya Scout. Tarehe 15 Desemba 1964 Waitaliano walirusha setilaiti yao ya kwanza kutoka Wallops, Marekani. Wakati huohuo majukwaa ya chuma, Santa Rita na San Marco, yalisimikwa baharini katika Ghuba ya Ungwana, mkabala na Ngomeni. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilipaa kutoka hapo. Ndani yake mlikuwa na mizani iliyobuniwa na Broglio mwenyewe, ya kupima msongamano wa hewa ya juu kwa jinsi inavyokizuia chombo.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za angani, ikapewa jina la Uhuru. Hadi leo vitu vingi vya angani hutambulishwa kwa alama ya 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru. Neno la Kiswahili limo katika msamiati wa wanafalaki wa dunia nzima.

Tarehe 15 Novemba 1971 ikafuata Explorer 45, nayo ndiyo iliyotumwa kwenye mikanda ya mnururisho. Kwa kuwa ilirushwa karibu na ikweta, njia yake ilibaki karibu na ikweta, mahali ambapo mawimbi mengi ya mikanda huanzia. Vifaa vyake vilipima chembe na mawimbi kwa pamoja.

Dhoruba ya usumaku inapotokea, elektroni mpya husukumwa kuelekea dunia kutoka upande wa usiku. Kila elektroni huzunguka mstari wa usumaku huku ikienda kaskazini na kusini. Zile zinazofuata mstari moja kwa moja huangukia hewani na kupotea. Zinazosalia ni zile zinazozunguka zaidi kuliko kusonga mbele. Kutolingana huko ni akiba ya nishati. Mtetemo mdogo ukipita katika plazma, elektroni ambazo mzunguko wake unaafikiana nao huupa nguvu, kama anayesukuma bembea kwa wakati wake, nao hukua ukawa wimbi. Wimbi hilo nalo huzirudia elektroni: nyingine hulitupia anga la chini, nyingine huzipa kasi kubwa inayoweza kuharibu mitambo ya setilaiti. Likigeuzwa kuwa sauti hufanana na milio ya ndege alfajiri, ndiyo maana wataalamu huliita kwaya. Vipimo vya Explorer 45 vilionyesha kuwa mawimbi hayo hutokea pale elektroni za dhoruba zinapowasili.

Kutoka majukwaa hayo zilirushwa setilaiti tisa, ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Kisha roketi zikanyamaza. Broglio alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, na kituo cha Malindi sasa kina jina lake.

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Je, mwenyeji amepona? Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na chuo alichofundisha Broglio, kilipeleka angani setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, lakini ilifunguliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Mwaka 2023 Taifa-1 ilirushwa kutoka California. Broglio alithibitisha kwamba ikweta ni mali. Alikuja kuitumia kwa sababu nchi yake haikuwa nayo. Wenye nayo bado wanakwenda ng'ambo kutafuta pa kurushia.