Maisha ya Bwana Moreau wa Amani

Watu wa Bonde na wa Usambara wote waijua Amani. Ukitoka Muheza na kushika njia ya milimani, wapita mashamba ya michungwa, kisha njia yaanza kupanda na kuzunguka, hewa yageuka kuwa baridi, hata wafika kwenye msitu mkubwa ulioko juu, kadiri ya futi 3,000 toka usawa wa bahari. Hapo Wadachi walianzisha chuo cha kuchungua mimea na kilimo mwaka 1902, wakapanda miti ya nchi nyingi, na baada ya vita ya 1914–1918 chuo kikaingia mikononi mwa Waingereza. Wataalamu wengi wamekaa huko. Lakini mmoja wa wale waliolipeleka jina la Amani mbali kupita wote aliletwa hapo kuwa karani. Huyo ndiye Reginald Ernest Moreau. Habari zake zafaa kusomwa na kila mtu aliyewahi kuona kwamba kazi yake ni ndogo, au kwamba mwili wake umemfungia mlango.

Alizaliwa tarehe 29 Mei, 1897, huko Norbiton, karibu na London. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za fedha mjini, na nyumba yao ilikuwa na riziki ya kutosha. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka kama kumi, baba alisimama katika stesheni, gari la moshi likapita na mlango wake mmoja u wazi, mlango ukampiga. Tangu siku ile hakuwa mtu yule yule. Alidhoofika akili na mwili kwa miaka mingi, na mapato ya nyumba yakapungua. Baadaye jamaa walihamia shamba, katika kijiji cha Surrey, na huko kijana alipata baiskeli, akazunguka vichochoro na vichaka akitazama viumbe. Mauti ya matumaini hayakuwa mbali na nyumba ile, lakini nje ya mlango palikuwa na ndege, na ndege hawatozi ada.

Kwenda Chuo Kikuu hakukuwezekana. Mwaka 1914, kijana wa miaka kumi na saba, alifanya mtihani wa utumishi wa serikali, akapelekwa katika ofisi ya kukagua hesabu za jeshi. Kazi yake ikawa kulinganisha tarakimu na stakabadhi tangu asubuhi hata jioni. Kisha ugonjwa ukamwingia, nao ni baridi yabisi ya viungo, ambayo haikumwacha kabisa tena. Akaomba kupelekwa nchi yenye jua na hewa kavu, na mwaka 1920 alipata nafasi katika ofisi ya Cairo, nchi ya Misri.

Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka, ingawa kwa macho ya watu hapakugeuka kitu. Alibaki karani wa hesabu kama kwanza. Lakini siku za mapumziko alitoka kwenda jangwani na kwenye mabonde makavu, akawatazama ndege wapitao kila mwaka kati ya Ulaya na Afrika. Hakuwa na mwalimu wa darasani. Alijifunza kwa kuuliza wajuao, kwa kusoma, na zaidi kwa kutazama, akaandika aliyoyaona kwa uangalifu ule ule aliouzoea katika vitabu vya hesabu. Katika nchi hiyo hiyo alimpata mwenzi wake, Winifred, naye alikuwa mpenda viumbe kama yeye. Jina lake la ukoo lilikuwa Bird, ambalo kwa Kiingereza maana yake ni ndege. Walioana mwaka 1924.

Mwaka 1928 aliitwa kuja Amani, awe karani mkuu wa chuo, mwenye kutunza hesabu na maktaba. Wenye elimu kubwa walikuwa wengine: huyu wa wadudu, huyu wa udongo, huyu wa maradhi ya mimea. Bwana Moreau alitazama mishahara, hati za ununuzi na vitabu vya kuazimwa. Angaliweza kuona uchungu kila siku, kuwa karibu na elimu namna ile na kutohesabiwa miongoni mwa wenyewe. Badala ya hayo alifanya kazi ya ofisi ipasavyo, na saa zilizosalia akaupa msitu.

Tukumbuke kwamba mwili wake haukumruhusu kuwa msafiri mwenye nguvu wa kupanda milima kila juma. Basi alifanya shauri la busara: alichungua kilichokuwa karibu. Desturi ya siku zile ilikuwa kupiga ndege bunduki na kuhifadhi ngozi zao, naye pia alikusanya ngozi, kwa kuwa bila hizo aina ngeni haikuweza kuthibitishwa. Lakini aliona kwamba ndege aliyekufa hana mengi ya kusema. Akawafundisha vijana wenyeji kukaa kimya karibu na kiota, wakiwa na saa na daftari, na kuandika ni mara ngapi mzazi alileta chakula, alikaa juu ya mayai muda gani, na makinda walitoka siku ya ngapi. Maelfu ya habari za namna hiyo yalikusanywa, na sehemu kubwa ilitoka machoni mwa vijana wale wa Kiafrika. Karani wa hesabu alikuwa amepata hesabu mpya, na jamii yote ya wataalamu wa ndege ilikuja kuiheshimu.

Mfano mmoja ni hondohondo wa Amani, yule mkubwa mwenye sauti ya kutisha na pembe juu ya mdomo. Bwana Moreau na Bibi Winifred walimchungua pamoja, wakaandika habari zake mwaka 1941. Jike huingia katika tundu la mti mrefu, kisha mlango huzibwa kwa udongo, ikabaki nafasi nyembamba tu. Dume humeza udongo, huufanya vidonge, humletea jike naye hujenga ukuta. Tangu hapo jike hukaa gizani zaidi ya miezi mitatu, na dume huleta matunda siku zote, akiyatoa kooni moja moja. Wengi wetu tumemsikia ndege huyu tangu utoto, tukamtupia jiwe; wawili hawa walikaa chini ya mti wakangoja.

Hakuwadharau wenyeji wa nchi katika elimu hii. Katika miaka ya vita ya 1939–1945 alichapisha makala juu ya majina ya ndege yatumiwayo na watu wa pwani ya kaskazini-mashariki ya Tanganyika, na nyingine juu ya utani wa makabila. Mtu hawezi kuandika majina kama hayo asipokaa na wazee na kuuliza kwa adabu: huyu mwamwitaje, na yule je, na mbona hawa wawili wana jina moja? Aliona kwamba elimu ya ndege ilikuwapo Usambara na Bonde kabla ya chuo kujengwa, nayo ilikaa katika lugha za watu.

Kwa kutazama yaliyo karibu alifikia maswali makubwa. Aliona kwamba ndege wa huku hutaga mayai mawili au matatu, hali jamaa zao wa Ulaya hutaga mengi zaidi. Kwa nini? Makala yake ya mwaka 1944 juu ya jambo hili yaliwafikirisha wataalamu wa nchi nyingi. Tena aliona kwamba ndege fulani wa msitu wa Usambara wako pia katika milima ya mbali, lakini hawako katika nyika iliyo kati. Milima, alisema, ni kama visiwa. Na zamani sana, nchi ilipokuwa na baridi zaidi, misitu ilishuka chini, ndege wakapata njia ya kupita. Ndege mdogo wa msitu wa Amani alipewa jina la Moreau mwaka 1931, na chozi mmoja wa milimani mwaka 1933. Yeye mwenyewe, alipopata ndege mpya wa milima ya Uluguru, alimpa mwaka 1938 jina la mkewe, Winifred.

Mwaka 1946 alikuwa amekwisha kurudi Uingereza, na afya yake si nzuri. Yule asiyesoma Chuo Kikuu akapokewa Oxford, afanye kazi pamoja na wachunguzi wa ndege wa huko. Kwa miaka kumi na minne, 1946 hata 1960, alikuwa mhariri wa Ibis, jarida kuu la elimu ya ndege, akasahihisha maandiko ya wenye shahada. Na tangu 1960 hata 1965 alikuwa rais wa chama chao. Mwaka 1966 alitoa kitabu kikubwa juu ya ndege wa Afrika na visiwa vyake. Lakini tabia ya Amani haikumwacha. Alipokaa katika kijiji kidogo cha Berrick Salome, aliwauliza wazee habari za maisha yao ya zamani, kama alivyouliza majina ya ndege huku kwetu, akatoa kitabu juu ya kijiji hicho mwaka 1968.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa juu ya wasafiri wale wale aliowapenda kwanza katika jangwa la Misri. Alikadiria kwamba ndege kama milioni 5,000 huja Afrika kila mwaka wakikimbia baridi ya Ulaya na Asia. Aliandika akiwa mgonjwa, na maumivu ya viungo yamezidi. Alifariki tarehe 30 Mei, 1970, siku moja baada ya kutimiza miaka 73. Kitabu kilitoka mwaka 1972, rafiki zake wakikikamilisha.

Twajifunza nini? Bwana Moreau hakuponywa na msitu. Viungo viliuma kabla ya Amani, vikauma Amani, vikauma baada yake. Wala msitu haukumpa shahada. Lakini mtu aliyekaa saa nzima akihesabu safari za ndege mmoja hana nafasi ya kujipima na jirani yake. Tabia ya karani, ambayo wengine huiona kuwa ya kuchosha, ndiyo iliyokuwa kipawa chake. Hakuitupa ili awe mtu mwingine, aliitumia. Na ugonjwa uliomkataza kwenda mbali ulimfundisha kukaa mahali pamoja hata pakasema naye.

Kwenu walimu, neno hili lina kazi ndani yake. Msitu wa Amani ulifanywa hifadhi mwaka 1997, lakini sheria hailindi majina. Wazee wajuao majina ya ndege kwa Kibondei, Kisambaa na Kizigua wanapungua, na katika madarasa yetu watoto wengi humwita kila kirukacho ndege, basi. Chukueni daftari. Watoeni watoto nje, wakae kimya chini ya mwembe wa shule, wahesabu. Yule asiyefaulu hesabu za ubao huenda akawa wa kwanza kuona kiota. Wapelekeni kwa babu na bibi wakaulize majina, wayaandike. Na ifikapo Oktoba, mbayuwayu wa Ulaya wakionekana tena juu ya mashamba, waambieni wametoka wapi, na ni nani aliyeketi Amani akiwangoja.