Spana iliyomuua rubani Bessie Coleman

Mashine ya mtumbwi ikizima katikati ya Ziwa Tanganyika, mvuvi wa Bangwe anashika kasia, au anasubiri mwenzake aje kumvuta. Ya ndege ikizima, hakuna muda wa kusubiri. Bessie Coleman, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupata leseni ya urubani, alilijua hilo kwa mwili wake mwenyewe.

Alizaliwa Januari 26, 1892 huko Atlanta, mji mdogo wa Texas, mtoto wa 10 kati ya 13. Alikua akichuma pamba. Baadaye akahamia Chicago, akawa anatengeneza kucha za wateja kwa kinyozi. Kaka yake, aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, akawa anamtania kwamba wanawake wa Ufaransa wanarusha ndege na yeye hawezi. Utani ule ulimwingia.

Shule za urubani za Marekani zilimkataa: mwanamke, tena mweusi. Basi akajifunza Kifaransa, akavuka bahari, na Juni 15, 1921 akapata leseni yake Ufaransa.

Leseni anayo, ndege hana. Riziki yake ilikuwa maonyesho ya angani, na pesa aliyopata ilitosha kununua Curtiss Jenny tu, ndege ndogo za mabawa mawili ambazo jeshi liliziuza bei chee baada ya vita. Mitumba, kwa kifupi. Februari 1923, karibu na Los Angeles, injini ilizima muda mfupi baada ya kuruka. Ndege ikaanguka, Bessie akavunjika mguu na mbavu.

Hakuacha. Alikuwa anatafuta hela za kufungua shule ya urubani kwa watu weusi. Nyumbani Texas aligoma kurusha ndege mpaka weusi waruhusiwe kupita lango moja na wazungu.

Mwaka 1926 akanunua Jenny nyingine kuukuu huko Dallas. Fundi wake, William Wills, kijana wa miaka 24, akairusha kuipeleka Jacksonville, Florida. Njiani ilimlazimu kutua mara kadhaa kwa hitilafu. Ndege inayofika kwa mtindo huo ilitakiwa ifunguliwe yote kwanza.

Aprili 30 wakapaa, Wills akiwa ndiye rubani. Bessie hakufunga mkanda, maana alitaka kuchungulia chini achague mahali pa kuruka na parachuti kesho yake. Ghafla ndege ikaelekeza pua chini na kuanza kuzunguka. Bessie akarushwa nje, akafa. Alikuwa na miaka 34. Wills akafa ndege ilipopiga ardhi.

Kwenye mabaki ikakutwa spana ya kutengenezea injini, imekwama kwenye mitambo ya kuongozea ndege. Kumtupia Wills mzigo wote si haki sana. Alikuwa anahangaika na chuma chakavu, naye kilimuua. Siku hizi mafundi wa ndege huhesabu vifaa vyao kabla na baada ya kazi. Spana moja ikikosekana, inatafutwa kwanza.

Maelfu walijitokeza Chicago kumzika. Ile shule hakuiona, ila mwaka 1929 rubani mweusi mwingine, William Powell, alianzisha klabu ya kufundisha urubani Los Angeles, akaipa jina la Bessie Coleman.