John Henry Patterson na Ushahidi wa Nywele za Tsavo

John Henry Patterson alizaliwa nchini Ireland mnamo mwaka wa 1867. Baada ya kulitumikia jeshi la Uingereza nchini India, alitumwa Afrika Mashariki, akawasili Mombasa mwezi Machi mwaka wa 1898. Kazi aliyokabidhiwa ilikuwa kusimamia ujenzi wa daraja la reli juu ya mto Tsavo, kaskazini-magharibi mwa Voi.

Muda si muda, simba wawili madume wasio na shungi walianza kuwanyakua wafanyakazi hemani usiku. Maboma ya miiba na mioto ya kambini havikufua dafu. Wafanyakazi wengi kutoka India walitoroka na ujenzi ukasimama kwa takriban majuma matatu. Hatimaye, mwezi Desemba mwaka wa 1898, Patterson aliwaua simba wote wawili, na daraja likakamilika mwaka uliofuata.

Umaarufu wake ulitokana na kitabu alichokichapisha mwaka wa 1907. Humo alitaja Wahindi 28 walioliwa, pamoja na Waafrika wengi ambao hesabu yao haikuwekwa na yeyote. Baadaye alitaja jumla ya watu 135. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Aidha, alikuwa kamanda wa kikosi cha Wayahudi huko Gallipoli mwaka wa 1915, na mwaka wa 1924 aliyauza mafuvu na ngozi za simba wale kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago. Alifariki California mwaka wa 1947.

Hata hivyo, mjadala kuhusu idadi aliyoitoa haukufa naye. Mwaka wa 2009, wanasayansi waliopima kaboni na naitrojeni katika mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria kwamba walikula watu wapatao 35.

Mnamo mwaka wa 2024, watafiti wa Marekani na Kenya walitoa matokeo mengine. Meno ya simba hao yalikuwa yamevunjika, na ndani ya mianya yake nywele za mawindo zilikuwa zimeshindiliana kwa miaka. Vinasaba vya nywele kuukuu huwa vimekatikakatika vipande vifupi mno. Kwa sababu hiyo, watafiti walitegemea DNA ya mitokondria, ambayo kila seli huwa na nakala zake nyingi, hivyo huelekea kusalia pale nyingine inapopotea. Kompyuta ililinganisha mpangilio wa vipande hivyo na ule wa wanyama wanaojulikana. Ilibainika kuwa simba hao walikula twiga, pundamilia, nyumbu, kuro, choroa na binadamu.

Watafiti hawakuendelea kuuchambua unywele wa binadamu, kwa kuwa huenda wazawa wa marehemu wangali wanaishi katika eneo hilo na yafaa washirikishwe kwanza. Uamuzi huo una uzito wa pekee. Patterson aliacha kitabu na jina lake likadumu. Waafrika walioangamia Tsavo hawakuandikwa katika daftari lolote, na yamkini nywele hizo ndizo kumbukumbu pekee ya miili yao iliyosalia. Maisha ya Patterson, kwa hiyo, hayawezi kusimuliwa kikamilifu bila wao.